Masanduku Chini ya Mafiga

Kabla ya kuja Texas nilikuwa naosha mifupa. Nikiwaambia watu wa hapa hivyo, hudhani nilifanya kazi mochwari, kwa hiyo siku hizi sisemi.

Kwetu ni mashariki mwa Kongo, mahali mto unapotoka ziwani. Juu ya mto ule kuna kilima cha mchanga ambacho watafiti walikichimba msimu baada ya msimu. Ndani yake walikuta mifupa ya samaki wakubwa, vichwa vya mikuki vilivyochongwa kwa mfupa, mawe ya kukatia nyama, na mara chache, watu. Watu wa kale mno, wa kabla ya kabila lolote linalogombea ardhi ile leo. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya beseni na mswaki, kusugua polepole, kuanika kivulini, kisha kuandika namba ndogo juu ya kila kipande kwa kalamu nyembamba. Kaka yangu mkubwa, ambaye mpaka leo namwita Yaya kama kwetu tunavyowaita wakubwa wetu, alikuwa mlinzi wa kilima. Mkubwa wetu alikuwa profesa, Mkongo mwenzetu, mtu mpole aliyevaa shati la mikono mirefu hata jua likiwaka. Wote tulimwita Papa.

Vita vilipokaribia, magari ya kuwaondoa watafiti yalikuja kwa haraka na hayakuwa na nafasi ya mizigo. Papa alituita mimi na Yaya kando. Alisema vitu vile vikipotea havitapatikana tena, hata amani ikija. Tulichimba shimo ndani ya jiko la kambi, tukateremsha masanduku manne ya bati, tukafukia, tukarudisha mafiga matatu mahali pake, tukawasha moto na kupika maharage juu yake. Nani angechimba chini ya moto unaowaka? Yaya alimshika Papa mkono akamwahidi kwamba hatatoka pale. Mimi sikuahidi kitu. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Nilikimbilia Uganda, nikakaa kambini miaka, na mwishowe ndege ikatuleta mimi na binti yangu Fort Worth, katika nyumba ya kupanga huko Haltom City.

Yaya alibaki, yeye na mke na watoto wake. Hakuna aliyemlipa. Alilima maharage bondeni, na kila kundi la wenye bunduki lilipofika kilimani aliteremka kofia mkononi, akawaomba wasichimbe mahandaki kwenye mteremko ule. Wengine walimsikia, wengine walimpiga. Kila Jumapili alinitumia ujumbe wa sauti, akanieleza mvua imekula udongo wapi na amepanga mawe wapi kuuzuia. Nilikuwa nausikiliza nikirudi kutoka misa ya Kiswahili, na nikajizoeza kuamini kwamba mambo yataendelea hivyo hivyo.

Asubuhi ile nilikuwa kazini, katika chumba cha kufulia cha hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, nikikunja mashuka. Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa namba ya Yaya, na haikuwa Jumapili.

"Yaya, kuna nini?"

"Mama wa Amerika," sauti ya mwanamume nisiyemjua ikaniitikia. "Habari ya huko?"

Ilikuwa sauti ya adabu, kama ya mtu wa benki. 

"Ni nani?"

"Jina langu halitakusaidia. Tuko na kaka yako hapa mlimani. Tumesikia wazungu walifukia masanduku. Kaka yako anasema yeye hajui ni wapi, wewe ndiye unajua. Ni kweli?"

Yaya alijua kuliko mimi. Alikuwa anapikia juu ya masanduku yale kila siku. Nikaelewa papo hapo alichofanya: mimi nilikuwa mbali, hawawezi kunigusa, kwa hiyo alinisukumia mimi siri ile. Lakini mwili wake ulikuwa bado mikononi mwao.

"Nipe niseme naye," nikasema.

Nikasikia mikwaruzo, halafu pumzi yake. Akasema kwa lugha yetu ya nyumbani, neno moja tu, upesi: usiseme. Kisha nikasikia kishindo kama cha gunia linaloangushwa, na Yaya akaguna.

"Hapana kutumia lugha ya kujificha," yule mtu akasema, bila kupaza sauti. "Mama, fikiri vizuri. Kesho saa hii nitapiga. Utatuambia dhahabu iko wapi, na kaka yako atarudi nyumbani. Usiposema, ni wewe umechagua."

Simu ikakatika. Nilikuwa nimekaa juu ya rundo la taulo zilizolowa na sikukumbuka nilikaa saa ngapi. Maji yalikuwa yamepenya sare yangu hadi kwenye ngozi. Msimamizi wangu akaniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ni tumbo, akaniruhusu niende nyumbani. 

Binti yangu yuko sekondari. Mimi humsemesha kwa Kiswahili, yeye hunijibu kwa Kiingereza, tumeshazoeana. Siku ile alikuwa nyumbani na mafua. Aliponiona mlangoni aliondoa vile vitu vya masikioni, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama, nani amekufa?"

"Hakuna," nikasema. "Bado hakuna." Nikaona uso wake ulivyobadilika, nikatamani nisingelitamka lile neno 'bado'.

Mtu niliyemwita ni rafiki yangu wa kwaya, muuguzi Mkenya anayeishi Cedar Hill. Alikuja akiwa bado na nguo za kazi, maana alikuwa ametoka zamu ya usiku. Nilimweleza yote nikiwa nimeshika kikombe cha chai ambacho sikukinywa.

"Tupigie polisi?" akauliza.

"Polisi wa Haltom City watafanya nini mlimani kwetu?"

Akafikiri. "Basi nani anaweza kukuambia cha kufanya? Kuna mkubwa wa hiyo kazi?"

Alikuwepo. Papa alikuwa Katy, upande wa magharibi wa Houston, akiishi kwa binti yake. Tulikuwa tunasalimiana sikukuu. Kwenye simu hasikii vizuri, na zaidi ya hapo sikuweza kupiga kelele ndani ya simu jambo kama lile. Nilitafuta funguo zangu mezani zikanianguka. Rafiki yangu akaziokota, akazirudisha mezani.

"Hauwezi ku-drive na hiyo mikono. Nita-drive mimi. Nitalala nikifika."

Binti yangu tulimwacha kwa jirani. Tukashika barabara kuu namba arobaini na tano kwenda kusini. Sikumbuki miji. Nakumbuka malori, na kwamba kila simu yangu ilipolia nilishika mlango wa gari kana kwamba nataka kuruka. Moja ilikuwa duka la miwani. Rafiki yangu alisali kwa sauti mpaka Corsicana, halafu akaniuliza kitu ambacho naona kilikuwa kinamsumbua tangu Haltom City.

"Sister, hebu niambie ukweli. Ni mifupa tu? Hakuna kitu ingine huko ndani?"

"Ni mifupa na mawe."

"Na mtu anaweza kufa juu ya mifupa?"

Nilimkasirikia hata nikageuza uso dirishani. Nilimkasirikia kwa sababu nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo tangu asubuhi, na kila nilipojijibu niliona mgongo wa Yaya umeinama.

Tulifika Katy jua likielekea kuzama. Nyumba za mtaa ule zinafanana sana, tulipita ya kwao mara mbili. Papa mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Amekonda, shati la mikono mirefu limekuwa kubwa juu yake. "Binti yangu!" akasema kwa furaha, halafu akaona. Alitukalisha jikoni, akamwambia rafiki yangu kuna kitanda ghorofani aende alale, na mimi nikamsogelea sikio na kumwambia.

Hakunikatiza. Nilipomaliza alivua miwani akaiweka mezani, akaifunika kwa kiganja.

"Mwambie," akasema.

"Yaya ameniambia nisiseme."

"Yaya wako anashika ahadi aliyonipa mimi. Mimi ndiye ninamfungua. Simu yake ingekuwa bado mikononi mwake ningemwambia leo hii." Akavaa miwani tena. "Nilipomwomba akae, nilifikiri ni miezi miwili. Nilidhani tutarudi baada ya mvua."

Nilitaka kufurahi, lakini woga ulikuwa umegeuka upande mwingine. "Papa, wao wanatafuta dhahabu. Wakifungua wakute mafuvu, watafanya nini?"

Alijua jibu sawa na mimi.  Tulikaa pale, mashine ya kuoshea vyombo ikizunguka, wajukuu zake wakicheka kwa Kiingereza sebuleni. Mwishowe akasema itabidi wajue kabla hawajachimba, na ni yeye atakayewaambia, kwa sababu yeye ndiye aliyefukia. Nilikataa. Akasisitiza. Usiku sikulala. Nilisikia kila gari lililopita mtaani, nikaenda kuangalia kama mlango wa mbele umefungwa, kana kwamba watu wale wangeweza kuja Katy kwa miguu.

Asubuhi tulikaa wote watatu mezani, simu katikati, chaja ikiwa imechomekwa. Saa ilifika, ikapita. Rafiki yangu alinishika kifundo cha mkono, nikagundua ananihesabia mapigo bila kusema. Simu ikalia.

"Mama wa Amerika. Umefikiri?"

"Nimefikiri. Nataka kumsikia kaka yangu kwanza."

Yaya alikohoa. Alitaja jina langu la utotoni, basi. Papa akavuta simu karibu, akaweka sauti nje, akainama mpaka midomo ikakaribia kugusa kioo.

"Bwana, mimi ni mwenye masanduku. Yako chini ya jiko, chini ya mafiga. Mnisikilize kabla hamjachimba. Ndani hamna dhahabu. Kuna mifupa ya zamani. Ya samaki, ya wanyama, na mingine ya watu."

"Wewe ni nani?"

"Mwalimu. Mzee. Niko Amerika."

"Mzungu?"

"Mimi ni Mkongo kama wewe."

Yule mtu akacheka kidogo. "Mzee, nani anafukia mifupa ndani ya sanduku na kuweka moto juu? Unanionaje?"

Hakukata. Aliiacha simu wazi, sijui kwa kusahau au kwa kutaka tusikie. Tukasikia watu wakitembea. Tukasikia mafiga yakiviringishwa, jiwe juu ya jiwe. Halafu jembe. Sauti ya jembe katika udongo wa kwetu naijua, kwanza majivu makavu, halafu mchanga unaoshika. Nilikuwa nimefumba macho na niliona shimo lile linavyoshuka. Papa alikuwa anatingisha kichwa kila jembe linapoingia, kama mtu anayedungwa sindano. Jembe likagonga bati.

Kelele za furaha. Bati likalia likivunjwa. Kisha kukawa kimya, kimya kirefu hata nikadhani mtandao umekufa. Kijana mmoja akamwambia mkubwa wao, mbali kidogo, kwa sauti nyembamba, "Chef, ni watu."

Mtu yule aliporudi kwenye simu adabu ilikuwa imemtoka. "Nani aliwaua hawa?"

"Hakuna aliyewaua," Papa akasema. "Ni wazee wa zamani sana. Kabla yako, kabla yangu, kabla ya makabila yote."

"Kwa nini wameandikwa namba?"

Namba zile ni mwandiko wangu. 

"Mnataka kutubebesha," akasema. "Mmefukia maiti hapa, mkaziandika namba, kesho mnaleta watu wa mahakama mnasema ni sisi tuliua. Na huyu hapa ndiye shahidi wenu."

"Hapana," Papa akasema, "hapana, bwana, nisikilize..."

Nikanyakua simu. Sikuwa nimepanga la kusema. Nilimwambia namba zile nimeziandika mimi, kwa mkono wangu, nikiwa msichana. Nikamwambia achukue fuvu lolote aliangalie kwa karibu, ajaribu kulikwaruza kwa ukucha, ataona limegeuka jiwe. Maiti ya juzi haiwi jiwe. Nikamwambia wapo wanaume, wapo na watoto, nimewaosha wote kama tunavyowaosha wa kwetu, na kwamba kaka yangu amewawashia moto miaka yote hii kwa sababu hawana mtu mwingine. Nikalia. Nikamwomba. Nilisema "tafadhali" mara nyingi hata neno likapoteza maana.

 Nilisikia kitu kikikwaruzwa. Simu ikakatika.

Tulipiga tena na tena. Namba haikupatikana. Papa alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili, na binti yake aliyerudi kutoka kazini alitukuta hivyo. Rafiki yangu alikuwa na zamu ambayo hakuweza kuiacha. Tukaondoka baada ya mchana. Papa alisimama barazani bila viatu mpaka tukakata kona.

Siku zilizofuata nilikwenda kazini kwa sababu nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Nilikunja mashuka nikimwona Yaya ndani ya shimo lile lile. Niliogopa simu ikilia, na iliponyamaza niliogopa zaidi. Binti yangu alihamia kitandani kwangu bila kuniuliza. Kwaya waliniombea, nami sikuweza kuwaeleza naombewa nini hasa, nikasema tu kaka yangu amepotea. Mama mmoja Mrundi, aliyepoteza kaka zake wawili zamani, alikuja akakaa nami jioni nzima akimenya viazi vyangu. Hakuniambia nisiogope. Nilimshukuru kwa hilo.

Simu ilikuja kutoka namba ya Uganda, nikiwa dukani, mbele ya friji za maziwa.

"Ni mimi," Yaya akasema.

Nilikaa chini sakafuni. Watu wakanizunguka na vitoroli vyao.

Alinieleza kwa vipande vipande. Yule mkubwa alikwaruza fuvu kwa kisu, akalinusa, akalirudisha ndani. Vijana wake walikuwa wameanza kurudi nyuma, mmoja akasema hatalala pale hata akipigwa risasi. Walibishana mpaka giza likaingia. Mwishowe walimlazimisha Yaya amwage mifupa kwenye majani kwa mikono yake, maana wao hawakutaka kuigusa, wakachukua masanduku matupu kwa ajili ya risasi zao. Walimpiga kwa kitako cha bunduki upande wa sikio, wakashuka mtoni usiku ule ule. Asubuhi alivuka mpaka kutafuta dawa. Sikio la kushoto halisikii tena.

"Kwa nini uliniambia nisiseme?" nikamuuliza. "Ulitaka wakuue?"

"Nilijua utasema," akajibu. "Lakini nilitaka nikuambie."

Sijui mpaka leo nilielewe vipi jibu lile. Nilimwambia akae Uganda. Nilimwambia Papa mwenyewe amemfungua ahadi. Alinisikiliza kwa sikio moja, akasema vizuri, nimshukuru Papa. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amerudi kilimani na magunia, anaokota. Nilimpigia nikamfokea kama mtoto. Mvua ilikuwa karibu, akasema, na vipande vidogo vingesombwa hadi mtoni.

Mke wake na watoto sasa wako mjini kwa ndugu. Yeye anakwenda na kurudi. Papa humuuliza kupitia kwangu, napiga kelele katika simu mbili, moja sikio hili na nyingine lile, wazee wawili viziwi na mimi katikati. Vichwa vya mikuki vimepatikana vingi. Mafuvu yote yapo isipokuwa moja la mtoto. Yaya anadhani mmoja wa vijana wale alilichukua, na hataki kufikiri kwa nini.

Woga haujaniisha. Nimeuzoea kama watu wanavyozoea maumivu ya mgongo. Wiki iliyopita lilifika kundi jingine, safari hii askari wa serikali, wakaanza kuchimba choo katikati ya mteremko. Yaya aliwaendea. Alinieleza kwamba aliwaambia hapo wamelala watu, wasogee hatua chache tu kuelekea bondeni. Askari wakamuuliza ni watu gani, yeye akasema ni wa kwetu sote. Wakacheka, wakahamisha choo.